Mbari ya Managu

Kwa miaka thelathini na zaidi niliwafundisha watoto jinsi viumbe hai vinavyopangwa katika makundi, na kila mwaka nililianza somo hilo kwa kuweka majani mawili mezani. La kwanza lilikuwa la managu, mboga ambayo kila mtoto wa kwetu huila kabla hajamaliza kuota meno. La pili lilikuwa la gugu ambalo sikumruhusu mtoto yeyote aliguse. Wanafunzi wangu walidhani huo ni mtindo wangu tu. Sikuwaambia niliupata wapi.

Somo lenyewe nililipata Thika, katikati ya miaka ya hamsini, nikiwa msichana wa miaka kumi na saba katika chuo kidogo cha walimu. Mwalimu wetu wa elimu ya viumbe alitoka pwani, na ndiye pia aliyetufundisha Kiswahili, kazi iliyomtesa kuliko nyingine zote. Sisi wa bara tulisema "hii mtoto" na "ile mwalimu" bila aibu.

"Hii mtoto!" alikuwa akituigiza, ameshika kiuno. "Mtoto ni nyumba? Ni meza? Ngeli za maneno zimewashinda, za viumbe mtaziweza?"

"Viumbe ni afadhali, mwalimu," mwenzetu mmoja wa dawati la nyuma alijibu. "Zenyewe hazisemi."

"Havisemi!" mwalimu akapiga kelele, na darasa zima likaanguka kwa kicheko.

Lakini alijua kufundisha. Alituambia kwamba lugha huyapanga maneno kwa ngeli, na wanasayansi nao huvipanga viumbe, ila wao wanatafuta undugu. Mpangilio wao si mgumu ukiutazama polepole. Fikiria vikapu vilivyowekwa ndani ya vikapu. Kikapu kidogo kabisa ni aina moja ya kiumbe, ile tunayoiita spishi. Spishi zinazokaribiana sana hutiwa katika kikapu kimoja kiitwacho jenasi. Jenasi zinazokaribiana hutiwa katika familia, familia katika oda, oda katika ngeli, na kuendelea hivyo hadi kikapu kikubwa kabisa, himaya, ambamo mimea yote imo katika kimoja na wanyama wote katika kingine. Na ukitaka kujua mmea ni ndugu wa nani, alituambia, usilitazame jani, maana majani huigana. Tazama ua. Ua halifichi ukoo wake.

Nililipenda somo hilo tangu siku ya kwanza, kwa sababu nilikuwa nalijua tayari kwa lugha ya nyumbani. Sisi Wakikuyu tuna taifa, ndani ya taifa kuna ukoo mkubwa, ndani ya ukoo kuna mbari, yaani watu wote waliotokana na babu mmoja, na ndani ya mbari kuna nyumba. Mwalimu aliposema familia, mimi niliandika mbari pembeni mwa daftari. Niliona nimegundua jambo kubwa. Neno hilo moja ndilo lililotuponza.

Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya Waingereza ikipigana na Mau Mau. Kwetu kulikuwa Ruiru, kwenye vibanda vya wafanyakazi wa shamba la kahawa, ambako baba alipogoa mibuni tangu ujana wake. Mama alikuwa amefariki mdogo wangu akiwa bado ananyonya. Kisha baba akakamatwa na kupelekwa kizuizini, ndugu yake akaingia msituni, na sisi tuliobaki tukapakiwa kwenye lori. Tulikuwa watatu: cucu, yaani mama yake baba, mdogo wangu wa kike aliyekuwa na miaka sita, na mimi. Tulishushwa katika kijiji kipya mashariki mwa Thika, njia ya kwenda Gatuanyaga, mahali pa vumbi na mkonge, ambapo mvua hufika ikiwa imechoka. Kijiji kilizungushiwa handaki, na lango lilikuwa moja, likilindwa na homgadi, askari wenyeji waliowekwa na serikali. Mimi nilikuwa nikilala chuoni, na kila Jumamosi ya pili nilipewa pasi ya kwenda kuwaona.

Kwa desturi yetu binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba, kwa hiyo mimi na cucu tulikuwa na jina moja. Aliniita wajina. Nilipoingia chuoni akaniongezea cheo, nikawa wajina mwalimu, na alilitamka neno la pili kwa kulivuta, nusu akijivuna na nusu akinitania.

Cucu hakujua kusoma, lakini alikuwa na mpangilio wake wa viumbe, nao ulikuwa mzuri. Kwake mimea ilikuwa makundi manne: ya mbuzi, ya chungu, ya dawa na ya kuachwa. Hakuuliza mmea ni ndugu wa nani. Aliuliza unafanya nini. Na alikuwa na njia yake ya kuhakikisha. Jani geni alimpa mbuzi kwanza. Mbuzi akilila na kucheua vizuri, cucu alilichemsha kidogo, akaonja yeye mwenyewe, kisha akaketi kizingitini na kungoja kivuli cha paa kisogee hadi kwenye jiwe fulani uani. Kivuli kikifika na tumbo limetulia, sisi watoto tuliruhusiwa kula. Huko Ruiru niliona ni ushamba. Leo najua kwamba alikuwa akifanya jaribio, na kwa uangalifu kuliko wengi waliovaa koti jeupe.

Siku moja nilimwambia kwamba wanasayansi wanauweka uyoga katika himaya ya mimea. Alinitazama kwa huruma.

"Uyoga una majani?"

"Hauna, cucu."

"Una mbegu?"

"Hauna."

"Unalitaka jua?"

"Hapana."

"Sasa ni mmea wa nani? Mwambie mwalimu wako uyoga ni watu wengine kabisa. Si mimea, si wanyama. Wana nchi yao."

Nilicheka sana. Miaka mingi baadaye, nikiwa mwalimu wa kukomaa, nilifungua kitabu kipya na kukuta kwamba wataalamu wameutoa uyoga katika mimea na kuupa himaya yake peke yake. Nilikifunga kitabu, nikatoka nje ya ofisi ya walimu, nikasimama kidogo.

Kosa langu nililifanya Jumamosi moja mchana, katika saa ile tuliyoruhusiwa kutoka nje ya handaki kutafuta kuni na mboga. Nilikuwa nimebeba maua matatu ndani ya daftari: la kiazi, la nyanya na la managu. Niliyapanga juu ya kanga ya cucu, mapajani mwake.

"Hesabu ncha za kila ua, cucu."

Alihesabu kwa kidole. "Tano. Tano. Na hili tano."

"Tazama katikati. Kila moja lina mdomo wa manjano, kama wa kifaranga."

"Naona."

"Hawa ni mbari moja."

"Kiazi na managu?" Alinigeukia. "Kiazi si kilikuja na Wazungu?"

"Mbari ni kubwa. Wengine walikaa ng'ambo ya bahari."

"Kumbe managu ana shemeji kwa Wazungu!"

"Si shemeji. Ni ndugu wa damu."

"Basi ndugu huyo amwambie Mzungu anirudishie mbuzi wangu," alisema, na tukacheka wote wawili mpaka mdogo wangu akaja mbio kuuliza kuna nini. Mbuzi wa cucu walichukuliwa siku ile ya lori. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiwataja bila machozi.

Ndipo alipoinua kidevu kuelekea kwenye udongo uliotupwa wakati handaki lilipochimbwa. Gugu moja lilikuwa limeota pale kwa wingi, lenye majani mapana yaliyopasuka pembeni. Baadaye nilisikia watu wa pwani wakiliita mranaha. Sisi hatukuwa na jina lake. Huko kwetu kwenye kahawa hatukuwahi kuliona.

"Na lile geni, je? Ni la nani?"

Nilikwenda nikalichungulia. Lilikuwa na ua moja jeupe, refu kama tarumbeta. Mtu asiyesoma asingeona undugu wowote na managu. Mimi nilihesabu pembe za ua zikawa tano, nikakumbuka karatasi yenye mmea mkavu ambayo mwalimu alituonyesha, na kifua changu kikajaa.

"Hilo pia ni la mbari ya managu," nilimwambia.

"Hata hilo!"

"Hata hilo."

Katika daftari langu, chini ya picha ya mmea ule, palikuwa na sentensi moja niliyoandika kwa mkono wangu jinsi mwalimu alivyoitamka: familia hii imetupa chakula na imetupa sumu, na undugu wa mimea haukuambii upi ni wa kula. Niliijua kwa moyo. Ningeweza kuisema kwa pumzi moja. Filimbi ya lango haikuwa imelia, wala hakuna aliyeniita. Sikuisema kwa sababu cucu alikuwa anacheka, na kwa sababu kwa mara ya kwanza yeye ndiye aliyekuwa mwanafunzi na mimi nikamfundisha kitu kilichomshangaza. Sikutaka kuiharibu siku kwa sumu. Nilijiambia nitaimalizia nikija tena.

Majuma mawili yaliyofuata hayakuwa na mvua. Wanawake wa kijiji walitolewa kila asubuhi kwenda kazi ya lazima, na walipopewa saa yao ya kutafuta chakula, wote walizunguka mahali pale pale, kwa hiyo managu yakaisha, na mchicha wa porini ukaisha. Gugu la handakini peke yake ndilo lililozidi kunawiri, kwa maana linapenda udongo uliofukuliwa upya.

Nilifika Jumamosi saa nane hivi mchana. Mdogo wangu alikuwa ameketi mlangoni, amekumbatia bakuli tupu, analia kwa hasira.

"Cucu amekula peke yake," alinishtakia. "Mimi amenikatalia."

"Amekula nini?"

"Mboga. Mimi nina njaa! Amesema ningoje kivuli kifike kwenye jiwe. Kimefika, na hajaniita."

Nilitazama jiwe. Cucu alikuwa ameshatafuta jiwe jingine, katika ua ule mpya, akaliweka mahali pake. Kivuli kilikuwa kimelipita.

Cucu alikuwa ndani, ameketi sakafuni. Uso wake ulikuwa mwekundu, ngozi imekauka na inaunguza kama jiwe la jikoni. Alikuwa akichuma. Vidole vyake vilikata majani hewani, moja moja, na kuyatia kwenye pindo la kanga, na mapajani mwake hapakuwa na kitu. Aliniangalia kwa macho ambayo weusi wake ulikuwa umepanuka hadi kingo, na hakunijua.

"Wafungulie mbuzi," alisema. "Jua limetoka zamani."

Chunguni kulikuwa na mboga iliyobaki. Niliinua jani moja kwa mwiko. Lilikuwa limeiva, lakini kingo zake zilizopasuka zilionekana.

"Kairitu," nilimwita mdogo wangu, neno letu la kumbembeleza msichana mdogo, na sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine. "Umeonja hii?"

"Nimekwambia amenikatalia!"

"Hata kidogo? Hata kulamba mwiko?"

"Hata mwiko. Nilimwambia anaogopa bure, yeye mwenyewe amesema hii ni ya mbari ya managu, wajina mwalimu amesema. Akanipiga mkono."

Nilijua cha kufanya, nacho kilikuwa kimoja: kumfikisha cucu hospitali ya Thika. Nilimnywesha maji kwa nguvu, nikamwita jirani akae naye, nikakimbia langoni kuomba pasi. Homgadi aliyekuwa zamuni alikuwa kijana tu, labda ananizidi miaka minne.

"Nyumba gani?" aliuliza. Nilipomtajia, alitabasamu. "Ah. Hiyo mbari naijua. Moja iko msituni, moja iko kizuizini. Sasa leo ya tatu inataka kutembea Thika."

"Ni mwanamke mzee. Amekula sumu bila kujua. Hawezi hata kusimama."

"Nyoka ya zamani na nyoka ya juzi, yote ni nyoka. Ngoja mkubwa arudi."

"Amekwenda wapi?"

"Ngoja."

Nilianza kumweleza. Hata saa ile nilikuwa naeleza. Nilimwambia mmea ule ni upi, unakaa familia gani, unaufanya nini moyo wa mtu, kwa nini kila dakika ni muhimu. Alinisikiliza, na nadhani kidogo alinihurumia, kwa maana alinipa kigoda cha kukalia. Lakini pasi hakunipa. Mkubwa wake alirudi saa kumi na moja, akaandika karatasi akiwa amesimama, bila kuuliza lolote.

Tulikuwa wanawake watano tuliombeba juu ya mlango wa kibanda ulioondolewa bawaba. Tulishika njia ya mkonge. Alikuwa ameacha kuchuma. Karibu na mwisho wa mistari ya mkonge, jua likiwa bado juu ya mnara wa kiwanda, yule jirani yetu aliyeshika upande wa kichwa alisema, "Wekeni chini." Tulimweka chini.

Kwa muda mrefu nilimchukia yule kijana wa langoni. Baadaye, nilipokuwa nikifundisha somo hili mwaka baada ya mwaka, niligundua kwamba yeye na cucu walikosea kwa namna moja. Cucu alisikia neno mbari, na katika maisha yake yote mtu wa mbari alikuwa mtu wa kugawana naye chakula, asiyeweza kumtilia ndugu yake sumu. Kwa hiyo akalitoa gugu lile katika kundi la kuachwa, akalitia katika kundi la chungu. Kijana naye alisikia mbari, akaona mmoja wao yuko msituni, akamtia mwanamke mgonjwa katika kundi hilo hilo. Undugu hukuambia kiumbe kimetoka wapi. Ukitaka kujua kitakutendea nini, inakubidi ukitazame chenyewe. Hiyo ndiyo sentensi niliyoiacha ndani ya daftari, na mimi ndiye niliyeijua kati yetu watatu.

Kuna jambo jingine ambalo nilichelewa kuliona. Cucu aliniamini. Mbuzi wa kujaribia hakuwa naye tena, alikuwa na neno langu tu, na akalikubali neno hilo mahali pa mbuzi. Lakini aliniamini kwa uhai wake mwenyewe. Kwa uhai wa mtoto hakuniamini, alitaka kivuli kwanza. Nikilikumbuka hilo naumia, na papo hapo namshukuru, na sijawahi kuvitenganisha viwili hivyo.

Alizikwa pembeni mwa kijiji, ng'ambo ya handaki, sisi wachache tukisimamiwa na askari. Chuo kilinipa ruhusa ya majuma matatu mpaka ndugu wa mama walipopata kibali cha kumchukua mdogo wangu. Kwa siku hizo nilimpikia mimi. Asubuhi ya kwanza nilimpa uji, uji wa kawaida wa mahindi, na hakuugusa. Aliliweka bakuli chini na kutazama uani.

"Ni uji tu, kairitu. Unaujua."

"Kivuli hakijafika."

"Uji hauna sumu."

Nilifungua kinywa ili nimweleze mahindi ni ya familia gani, ni ndugu wa mtama na wa nyasi zote, na kwa nini hakuna la kuogopa. Kisha nikafunga kinywa. Nilichukua kijiko, nikaonja uji wake, nikameza ili aone nikimeza. Nikaketi kizingitini mahali alipokuwa akiketi cucu. Mdogo wangu akaja akaketi karibu nami, na bakuli likapoa kati yetu tukikitazama kivuli kikilifuata jiwe.